Madiwani wa Mbeya, tengeni fungu la malazi kabla ya baridi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na madiwani wa Jiji la Mbeya kuhusu watu wasio na pa kulala, kabla hawajapitisha bajeti ijayo.

Ukipita Mwanjelwa usiku wa manane mwezi wa Juni au Julai utawakuta watoto na vijana wamejikunyata kando ya majiko ya wakaanga chipsi. Mwenye jiko keshakwenda kulala, lakini majivu bado yana moto. Wanajifunika viroba na maboksi yaliyokunjuliwa, mdogo wao wakimlaza katikati. Jiji letu liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na miezi hiyo baridi ya usiku hushuka chini ya nyuzi 10. Alfajiri fuso za viazi kutoka Umalila zikiingia, wakubwa wao wanaamka kushusha mizigo. Viazi hivyo tunakula sote.

Dawa iliyozoeleka katika miji yetu ni kuwakamata. Kanuni ya Adhabu ina kosa la uzururaji, basi watu wanapakiwa kwenye gari, na baada ya muda unawaona palepale. Wangekwenda wapi?

Kwa watoto, sheria imeshamaliza mjadala. Kifungu cha 94 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinaipa mamlaka ya serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto aliye katika eneo lake, na kumpatia msaada na malazi aliyepotea, aliyetelekezwa au anayetafuta hifadhi. Hii si hisani ya kuachiwa makanisa, misikiti na wasamaria wema peke yao. Utaratibu wa familia za kuaminika, wa kumpokea mtoto kwa muda wakati ndugu zake wanatafutwa, upo. Afisa ustawi wa jamii anahitaji nauli, chakula na godoro la kumpa mlezi.

Watu wazima ndio wamesahaulika zaidi. Kibarua anayelipwa kwa siku anaweza kumudu kodi ya chumba kimoja mwezi hadi mwezi. Kinachomshinda ni kudaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali naye anataka ya mwezi mmoja. Asiye na chumba hana mwenyekiti wa mtaa wa kumwandikia barua ya utambulisho, na bila barua hiyo hata mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, iliyowekwa kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, inampita mbali. Halmashauri ikimdhamini kwa mwenye nyumba miezi ya mwanzo, mengi yatafunguka. Ufini tangu 2008 serikali na miji yake wanampa mtu nyumba kwanza, mengine yanafuata akiwa ndani. Sisemi tuna fedha zao, ila mpangilio huo wa mambo nauona sahihi.

Ninachoomba kwa kuanzia ni jengo moja lenye vitanda, choo, maji na mlinzi, lifunguliwe kabla ya Juni, liwe na fungu lake kwenye bajeti. Diwani wa kata yangu akija kwenye mkutano wa hadhara nitamuuliza fungu hilo liko ukurasa gani. Wenzangu wa Iyunga, Ruanda na Uyole, nawaomba muwaulize wa kwenu.

Mkazi wa Mwanjelwa,
Mbeya