Ushuru wa mapato ya nyumba uzingatie kodi ya pango anayolipa mwenye nyumba

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwatetee Wakenya ambao, badala ya kuchukua mkopo mkubwa wa kununua nyumba ya kuishi jijini Nairobi, wamejenga vyumba vya kupangisha Kitengela au Juja, miji iliyo nje kidogo ya Nairobi, huku wao wenyewe wakiendelea kupanga karibu na kazini. Wengi huwacheka kwamba wanawajengea wengine nao hawana kwao, lakini uamuzi wao ni wa busara: ploti za huko ni nafuu, vyumba hujengwa kidogo kidogo kwa mkopo wa sako (chama cha akiba na mikopo), na kodi ya wapangaji husaidia kuulipa mkopo huo.

Kinachowaumiza ni ushuru. Tangu Januari 2024, mwenye nyumba anayepokea kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hutozwa asilimia 7.5 ya kodi yote anayopata, bila kuondoa gharama yoyote, na hutakiwa kulipa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Chukua mfano wa mwenye vyumba vinne vya shilingi 7,000 kila kimoja. Vikijaa, hupokea 28,000 na kulipa ushuru wa 2,100. Ikiwa anakoishi hulipa kodi ya 25,000, hubaki na 900, na hapo hajamwita fundi wa mabomba wala gari la kunyonya choo. Chumba kimoja kikikaa wazi mwezi mmoja tu, atalazimika kuongeza pesa kutoka kwenye mshahara wake.

Ni kweli sheria humruhusu kumwandikia Kamishna wa ushuru ili atozwe ushuru wa mwaka baada ya kuondoa gharama za majengo yake, ila hata hivyo kodi anayolipa yeye haihesabiwi, kwa kuwa huchukuliwa kuwa matumizi ya kibinafsi. Hapo ndipo ninapoona dhuluma, kwa sababu jirani yake anayelipia mkopo wa nyumba anamoishi huondolewa riba ya hadi shilingi 30,000 kwa mwezi katika mapato yanayotozwa ushuru, ilhali wote wawili wanagharimia makao yao.

Ninawasihi wabunge wamruhusu mwenye nyumba aliye mpangaji kuondoa kodi anayolipa, kwa kiwango kicho hicho cha 30,000, mradi awasilishe stakabadhi yenye PIN (nambari ya mlipa ushuru) ya anayempangisha. Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA) nayo itafaidika, kwani stakabadhi hizo zitawafichua wenye majumba ambao hadi leo hupokea kodi bila kulipa ushuru wowote.

Mpangaji mwenye vyumba,
Nairobi