Zai, CV nitakutumia, lakini sikiliza kwanza

Dodoma, Jumapili jioni

Shoga yangu Zai,

Habari za huko? Ujumbe wako niliupata nikitoka naiti, nikasema nilale kwanza ndipo nijibu kwa akili timamu. Huku wazima, ila maji ya bomba yanakuja yanapojisikia.

Umeniomba CV yangu uige, ukijiandaa kutafuta kazi ya unesi. Nitakutumia, lakini haitakufikisha mbali. CV za watu waliomaliza chuo juzi zinafanana zote: diploma, GPA, ujuzi wa kompyuta, halafu "ninaweza kufanya kazi bila kusimamiwa". Hiyo ya mwisho nakuomba usiiandike kabisa. Nesi mgeni asiyetaka kusimamiwa nani atamwachia wodi?

Unalalamika kwamba fildi, kwenye mafunzo ya vitendo hospitalini, mnatumwa tu: leta glavu, peleka sampuli maabara, tandika kitanda. Ni kweli, na wapo wauguzi wanaowageuza wanafunzi matarishi, sitawatetea. Ila ngoja nikusimulie la wiki hii hapa wodi ya wazazi. Asubuhi tunakabidhiana zamu, kitanda hadi kitanda. Tukafika kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji, ripoti ikasomwa, "anaendelea vizuri", watu wakaanza kusogea. Mwanafunzi mmoja, binti mkimya ambaye hata sauti yake sikuwa naijua, akasema: "Samahani sista. Nilipokuwa nampima sasa hivi kaniambia kichwa kinamuuma na anaona ukungu. Presha ni 160 kwa 110. Saa sita usiku ilikuwa 130 kwa 80. Nimeiandika kwenye chati."

Hizo ni dalili za hatari za kifafa cha mimba, wote tukarudi kitandani. Daktari akaitwa, magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege, ikaandaliwa kabla yule mama hajapata degedege. Sista inchaji, yaani msimamizi wa wodi, ambaye ana tabia ya kuuliza maswali hata moto ukiwaka, akamgeukia yule binti: gramu 4 za mshipani unazichanganyaje? Akajibu bila kubabaika: kichupa cha asilimia 50 chenye mililita 10 kina gramu 5, kwa hiyo navuta mililita 8, naongeza maji ya sindano 12, napata 20 za asilimia 20, nasukuma taratibu. Baadaye nikamwona inchaji anamuuliza jina na chuo, anaandika kwenye kidaftari chake.

Binti huyo huyo jana yake alikuwa anatumwa glavu kama wewe. Lakini alipopata nafasi ya kuongea, aliongea kama mtu wa wodi: dalili gani, namba ngapi, ilikuwaje mwanzo, nimefanya nini. Hayo hayamo kwenye CV ya mtu yeyote, Zai. Yamo kwenye kichwa cha inchaji.

Na inchaji ndiye unayemhitaji. Matangazo ya kazi za serikali yanataka wadhamini watatu wa kuaminika. Wengi tunajaza mkuu wa chuo, mwalimu wa darasa na mjomba. Mkuu wa chuo atasema ulilipa ada na ulifaulu. Anayeweza kusema "huyu niliwahi kumwachia wagonjwa nikaenda kuandika ripoti bila wasiwasi" ni mtu wa wodini, na huyo anakuangalia sasa hivi, wakati wewe unahesabu siku za fildi kuisha. Muombe namba yake kabla hujaondoka. Na logibuku, lile daftari la kazi ulizofanya fildi, isainiwe siku ile ile uliyofanya kazi, maana masista huhamishwa na huenda likizo, halafu unabaki kuzunguka na karatasi tupu.

Kuandika nako usikudharau. Siku ya kuapishwa tulishika mishumaa kwa heshima ya Florence Nightingale, mwasisi wa uuguzi wa kisasa, tukapiga picha, tukala pilau. Hakuna aliyetukumbusha kwamba yule mama, baada ya vita vya Krimea, aliwabana wakubwa wa Uingereza kwa hesabu: wanajeshi wengi walikufa kwa maradhi ya kuzuilika kuliko kwa majeraha, na alikuwa na takwimu za kuonyesha. Mimi ningetamani tuapishwe na kalamu pia. Nesi anayeandika "hali nzuri" mara tatu kwa zamu hajaandika kitu.

Yaliyobaki ni ya makaratasi, unayajua. Ukimaliza kuna mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, usajili, kisha leseni. Bila leseni humgusi mgonjwa, sheria ya uuguzi na ukunga ya 2010 iko wazi. Fungua akaunti ya Ajira Portal, ule mtandao wa kuombea kazi za serikali, mapema. Angalia jina lako kwenye cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na kitambulisho cha NIDA liwe moja, maana najua wewe shuleni ulikuwa Zainabu na nyumbani wakakuandika Zaituni. Hiyo ishughulikie kwa wakili sasa, usingoje tangazo litoke.

Kuhusu kujitolea hospitalini bila mshahara, kaka yako anakwambia ni kunyonywa. Ana haki nusu. Mtu akikaa mwaka mzima bila posho wala barua, ananyonywa kweli. Lakini ukikaa nyumbani miezi mingi mikono inasahau, na kwenye usaili wa vitendo wanakupa mdoli na mfuko wa kupumulia, wanataka waone unamsaidiaje mtoto asiyepumua ndani ya ile dakika ya kwanza. Jitolee, ila tangu siku ya kwanza omba barua yenye tarehe ya kuanza na kumaliza.

Niandikie uniambie inchaji wenu ni mtu wa namna gani, na kama bado unaogopa kuongea asubuhi wakati wa ripoti. CV ninaituma kesho nikipata bando. Msalimie mama, mwambie ubuyu ulifika.

Wako,
Rehema