Spea Haikai Sawa? Tupigie Kabla Fundi Hajawasha Grainda

Mvutano mkubwa kati yetu na wateja hautokani na spea mbovu. Spea mbovu tunaipokea, tunaibadilisha au tunarudisha pesa, yanaisha. Mvutano unatokana na spea ambayo haikukaa vizuri kwenye gari, fundi akaichonga ili ikae, ikakataa hata hivyo, ndipo ikarudishwa dukani. Mteja anasema kweli: spea haikukaa. Na sisi tunasema kweli: hii iliyo mezani sasa ina matundu mapya, sikio moja (kishikio cha skrubu) limekatwa, na hakuna anayeweza kujua ilitoka kiwandani ikiwa na umbo gani.

Tunataka ujue mapema jinsi jambo hili linavyokwenda, maana ukilijua kabla ya kufunga spea, mara nyingi utapata pesa yako yote.

Kwanza, ni kweli kwamba spea mbadala, yaani zile ambazo hazikutengenezwa na kampuni ya gari lenyewe, wakati mwingine hazikai. Kiwanda kinachotengeneza bampa mbadala kwa kawaida hakina michoro ya kampuni ya gari. Kinachukua bampa lililopo, kinalipima, kisha kinachonga moldi yake. Kama bampa lile la mfano lilikuwa limepinda kidogo, kila nakala itarithi kupinda huko. Halafu kuna plastiki yenyewe. Mabampa mengi ni ya polipropilini, na plastiki hiyo ikipoa kwenye moldi husinyaa kwa takriban asilimia 1 hadi 2.5. Kwenye bampa la urefu wa mita 1.7, asilimia 1 tu ni milimita 17. Moldi hutengenezwa kubwa kidogo ili kufidia, lakini kiwanda kikiharakisha kupoza, hesabu inavurugika. Spea za faibaglasi zina shida zaidi, kwa sababu nyingi hulazwa kwa mkono na unene wake haulingani kila mahali.

Kuna pia safari. Bampa lililobanwa ndani ya kontena lenye joto linaweza kufika limejikunja, na likaonekana baya kuliko lilivyo. Likilazwa sehemu tambarare kwa muda, au likipata joto la jua, mengine hujirudi yenyewe. Usimruhusu mtu alipashe kwa hita siku ileile lilipofika. Plastiki ikizidishiwa joto inang'aa na kubonyea, na alama hiyo haifichiki.

Upande wa pili nao tuuseme waziwazi: mara nyingi gari ndilo lililopinda. Gari likishawahi kugongwa mbele, hata kidogo, fremu inayoshika rejeta inaweza kuwa imesogea milimita 5 bila mtu kuona. Bampa la zamani lilikuwa limezoea hali hiyo, limevutwa na kubanwa na skrubu miaka yote. Jipya linakuja na umbo lake sahihi, halikutani na matundu, na lawama inaangukia spea. Kipimo chake ni rahisi: rudisha lile la zamani mahali pake bila kulilazimisha kwa skrubu, uangalie mwanya kati yake na fenda kila upande. Kama nalo upande mmoja linaacha mwanya wa kidole na upande wa pili limegusa, tatizo haliko kwenye boksi letu.

Na kuna kosa la tatu, la kuagiza spea ya gari jirani. Modeli moja, mwaka mmoja, lakini gari moja limetoka kabla ya kiwanda kubadilisha sura na jingine baada. Taa zinafanana ukiziangalia kwa mbali; ukizipindua, braketi ya nyuma iko tofauti. Ndiyo maana tunakuuliza namba ya chasisi badala ya mwaka tu. Kwenye magari mengi namba hiyo ina tarakimu na herufi 17, na haina I, O wala Q ili zisichanganywe na 1 na 0. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yana namba fupi zaidi, yenye msimbo wa modeli mbele na kistari katikati. Yoyote uliyonayo, tutumie nzima.

Sasa tufike kwenye kiini. Fundi ameshafungua gari, mbele ni wazi, mteja anapiga simu kila saa, na spea mpya inagoma kwa milimita 6. Fundi mzuri anajua kuisogeza. Anapanua tundu kwa drili, anakata klipu moja, anasaga ukingo. Hatumlaumu, ndiyo kazi aliyojifunza, na kwenye spea uliyokwisha kuamua kuibakiza haina ubaya. Lakini ujue kwamba grainda inapogusa spea, umeshaamua kuibakiza. Kuanzia hapo hatuwezi kuiuza kwa mwingine, na aliyetuuzia sisi hawezi kuipokea, kwa sababu swali lake la kwanza litakuwa lilelile: nitajuaje kwamba ilikuwa na kasoro kabla hujaikata? Ushahidi ulikuwa ni umbo lenyewe, na umbo limebadilika.

Rangi ni vilevile. Wateja wengi hupeleka bampa kwa fundi rangi kwanza, linapigwa praima na tabaka mbili za rangi, likikauka ndipo linajaribiwa kwenye gari. Mpangilio huo ugeuzwe. Bampa lijaribiwe likiwa jeusi kama lilivyotoka kwenye boksi, na taa zote mbili, shoo (grili ya mbele) na fenda vikiwa mahali pake, kwa sababu bampa linaweza kukaa vizuri peke yake na kukataa taa inapoingia. Skrubu zishikiliwe kwa vidole tu. Boneti ifungwe taratibu mara moja uone kama inagusa. Fundi akilalamika kwamba anafanya kazi mara mbili, mwambie sisi ndio tuliosema.

Kujaribu hakukunyimi haki ya kurudisha. Kuna wateja wanaogopa hata kutoa nailoni, wakidhani spea ikiguswa tu basi. Hapana. Tofauti ya kujaribu na kutumia inatambulika hata kisheria. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, katika agizo lake la mwaka 2011 kuhusu haki za walaji, unampa aliyenunua kwa mbali siku 14 za kubadili nia, lakini unamwajibisha kwa thamani iliyopungua endapo aliishughulikia bidhaa kupita kiasi kinachohitajika kujua asili, sifa na utendaji wake. Kushikiza bampa kwenye gari ni kuijua bidhaa. Kulitoboa ni jambo jingine. Na kubadili nia si sawa na kupata bidhaa yenye kasoro: kwa kasoro, sheria ya Uingereza ya mwaka 2015 inampa mlaji siku 30 za kuikataa na kurudishiwa pesa yote. Popote ulipo, sheria ya nchi yako ina nguvu kuliko maandishi ya risiti yoyote, yetu ikiwemo.

Hatutaki pia usome haya ukadhani kila spea iliyoguswa ni msamaha kwetu. Kuna spea ambazo maelekezo ya kiwanda yenyewe yanasema zitobolewe, kama spoila, au bampa lenye alama za ndani za kutoboa sensa za kuegesha. Ukifuata maelekezo hayo, hujabadilisha kitu. Na kasoro isiyohusiana na kilichochongwa inabaki kuwa kasoro. Taa iliyokatwa sikio halafu ikaanza kuingiza maji kwenye mshono wa kioo, ilete. Mshono haukuguswa na mtu, na ukungu ule ndani ya taa ni wa kiwanda. Tutaichunguza kama nyingine yoyote.

Mahali ambapo hatuna mjadala ni breki, sukani, shokapu na rimu. Brekipedi ambayo masikio yake hayaingii kwenye kalipa isisagwe. Huenda ni rangi nene tu au kutu kwenye braketi inayohitaji kusafishwa, huenda ni pedi ya modeli nyingine. Vyovyote vile, pedi iliyosagwa ovyo itacheza au itakwama, na breki iliyokwama inachemsha diski. Kuhusu rimu, tumeona matundu yaliyopanuliwa ili rimu ya 5x112, yaani yenye matundu matano kwenye duara la kipenyo cha milimita 112, iingie kwenye habu ya 5x114.3. Tofauti ya milimita 2.3 inaonekana ndogo, lakini maana yake kila stadi (boliti ya habu) iko milimita 1.15 nje ya kitovu cha tundu lake, nati hazikai kwenye vikombe vyake, na zinaweza kulegea gari likiwa barabarani. Rimu ya namna hiyo hatuipokei, na tunakusihi usiifunge wala usimuuzie mtu. Tundu la katikati likiwa kubwa kuliko habu, hilo lina dawa halali: ringi za kujazia.

Wapo wanaotuuliza kwa nini tusiuze jenuini, yaani spea za kampuni ya gari lenyewe, peke yake, kelele ziishe. Jenuini tunaiuza pia, na kwa gari lenye sensa nyingi nyuma ya bampa huwa tunakushauri uichukue. Lakini spea mbadala nzuri zipo. Marekani kuna chama cha kuthibitisha spea za namna hii, CAPA, kilichoanzishwa mwaka 1987, na sehemu ya upimaji wake ni kuifunga spea kwenye gari halisi na kuangalia inavyokaa. Ukiona lebo ya uthibitisho kama hiyo, usiibandue mpaka uridhike.

Gharama ya fundi kufunga na kufungua hatuirudishi katika utaratibu wetu wa kawaida, na tunalisema hili kabla hujalipa. Ni sababu nyingine ya kujaribu mapema, kabla gari halijabaki juu ya jeki.

Kwa hiyo spea ikigoma, simamisha kazi. Piga picha tatu au nne: mwanya wa kushoto, mwanya wa kulia, tundu lisilokutana na skrubu huku rula ikiwa kando yake, na lebo yenye namba ya spea. Tutumie pamoja na namba ya chasisi. Mara nyingi tutajua kwa picha hizo kama ni kosa la kuagiza, la kiwanda, au la gari, na kama ni la kuagiza au la kiwanda, mzigo wa kurudisha ni juu yetu. Boksi na sponji zake zibaki, kwa sababu bampa linalorudi bila boksi hukwaruzwa njiani, na hapo tunaanza mjadala mwingine. Simu ya gereji inapokelewa pia: fundi akitaka kuzungumza nasi moja kwa moja huku ameshika spea mkononi, apige yeye mwenyewe.