Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mhazini. Paa la kibanda cha nyuma bado linavuja; fundi keshalipwa nusu na anakuja wiki ijayo. Mimi nina jambo moja, lile lililokula vikao vitatu vya kamati: sisi wachoraji kukopiana picha.

Kesi mnaijua. Mwenzetu alichora kundi la kanga chini ya mbuyu. Rangi ikamchuruzikia, akaifunika kwa nyasi, kanga wa tatu akabaki na mguu mmoja. Miezi miwili baadaye mwanachama mwingine akatundika picha yake "mpya": mbuyu uleule, na kanga wa tatu naye mguu mmoja. Tulipoziweka mezani pamoja, hakuna aliyeuliza shahidi.

Mshtakiwa akajitetea: "Mbona sote tunakopi?" Sikumcheka. Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo wetu huu wa uchoraji, alianza kuchora mwaka 1968 hapa Dar es Salaam, kwa rangi ya baiskeli juu ya hadibodi, na ndugu zake na vijana wachache wakajifunza kwa kuiga mkono wake. Alipofariki mwaka 1972, ni hao walioiendeleza kazi. Bila kukopi, chama hiki kisingekuwepo. Mimi mwenyewe nilijaza madoa ya chui wa mwalimu wangu karibu mwaka mzima kabla hajaniachia nichore jicho.

Ila chui ni wa wote, picha ina mwenyewe. Hata Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hailindi wazo, inalinda kazi iliyokwisha kufanywa. Chora mbuyu, chora kanga mia, ruksa. Kumfuata mwenzako ndege kwa ndege kisha ukaweka sahihi yako, hapo umemwibia.

Kamati imeiondoa picha ile ukutani, na aliyekopi ameomba radhi. Wanafunzi wataendelea kukopi, lakini nyuma ya ubao waandike jina la waliyemwiga.

Gumu zaidi ni oda. Mwenye duka anakuja na picha kwenye simu: "Nichoreeni thelathini kama hii." Pesa taslimu, na ada ya shule inadai, nani atakataa? Tunapendekeza oda ya namna hiyo ipelekwe kwanza kwa mwenye picha, naye akikubali kuigawa, apate fungu lake. Kiwango cha fungu kamati imeshindwa kuafikiana. Naomba tukipigie kura leo, kabla ya chakula.