Filamu za tamasha nazo ziwekewe Kiswahili, nimechoka kumnong'oneza shangazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Najua zinazokuja kwako nyingi ni za maji na barabara, hii yangu ni ya sinema tu, ukiona haina haraka iweke hata wiki ijayo, haitaoza.

Mimi sio mtaalamu wa filamu, nauza spea za pikipiki Kariakoo, muvi naangalia kwenye simu dukani mteja akiingia nastopisha, kwahiyo nikikosea majina ya mambo ya kamera wataalamu wanisamehe. Ila nina shangazi yangu Unguja, anakaa Mlandege, na nikienda kumsalimia ile miezi ya sita na ya saba mara nyingi nakuta ZIFF iko hewani, lile tamasha la filamu la nchi za jahazi lililoanza miaka ya tisini mwishoni, basi jioni namchukua tunatembea mdogo mdogo mpaka Ngome Kongwe. Kwa asiyewahi kufika, ile ni ngome ya Waarabu wa Oman, wameijenga baada ya kumtoa Mreno miaka ya 1690 huko, ndani kuna ngazi za mawe ndo viti, juu ni mbingu tupu, na ukitoka tu unavuka barabara uko Forodhani unakula mishkaki na juisi ya miwa. Shangazi anakuja na mto wake wa kukalia toka nyumbani maana anasema jiwe la Muoman halina huruma na kiuno cha mtu mzima.

Sasa mwaka mmoja tukaangalia filamu moja ya Iran, jina sikulishika. Mzee na binti yake wanauza nyumba, basi, hamna ngumi hamna gari kulipuka, watu wanakunywa chai wanaangaliana wanaongea taratibu. Kifarsi juu, Kiingereza chini. Dakika ya tatu tu shangazi kanigusa bega, "kasemaje huyo?" nikamwambia, dakika ya nne "na huyu mwengine kajibu nini?" nikamwambia, na mimi Kiingereza changu ni cha kusoma maboksi ya spea, ile naelewa sentensi ya kwanza ya pili imeshapita, basi nikawa namfupishia. Yule mzee anaongea dakika nzima mimi namwambia "anasema hataki kuuza". Watu wa mbele wakaanza kugeuka, kuna dada mmoja akatuangalia kwa jicho lile, nami ningekuwa yeye ningeangalia hivyo hivyo.

Nikamuuliza shangazi, mbona wewe umekulia kwenye sinema za Kihindi na Kihindi hukijui? Maana huyu bibi mnayemuona hivi enzi za usichana wake hakuna picha iliyompita pale Majestic Vuga, walikuwa wanaenda kwenye zile shoo za wanawake watupu na mabuibui yao, na mpaka leo nyimbo za Raj Kapoor anaziimba akipepeta mchele, neno kwa neno, maana yake hajui hata moja. Akanijibu, mwanangu, Mhindi akiwa na huzuni anaimba, akipenda anaimba, mama mkwe mbaya unamjua kwa macho tu, hawa wako wanakaa kimya, nitajuaje mie? Nikakosa la kusema. Ni kweli filamu nyingi za matamasha zimejaa ukimya, na ndani ya ule ukimya likitoka neno moja ndo lenyewe, ukilikosa hilo umekosa filamu nzima.

Unaweza kusema basi aangalie za Kiswahili. Sawa, tuliangalia Supa Modo ya Kenya, ya Likarion Wainaina, ile ya mtoto Jo anaumwa ugonjwa usiopona, anapenda masupastaa wenye nguvu za ajabu, mama yake anamtoa hospitali anamrudisha nyumbani, halafu dada yake anakishawishi kijiji kizima kimfanye aamini na yeye ana nguvu. Haifiki hata saa moja na nusu lakini ilinichosha kifua. Jamaa mmoja pembeni yangu, mbaba na ndevu zake, alikuwa anavuta kamasi waziwazi. Kama nina neno basi ni kwamba kuna sehemu nilihisi wananibana nilie kwa lazima, ila yule mtoto aliyecheza Jo ana uso ambao huwezi kumkasirikia. Basi hata hapo, Mhariri, shangazi bega! Kwasababu wanaongea Kiswahili wanachanganya na Kikikuyu na maneno ya mjini kwao, "hawa nao Waswahili gani?" ananiuliza. Kwahiyo filamu ya majirani, Kiswahili kimo ndani, mimi bado ni mkalimani.

T-Junction niliiona 2017, ndo ilifungua tamasha mwaka ule wa 20, ya Amil Shivji, binti kafiwa na baba, hospitali anakutana na dada mmoja anaitwa Maria anayemsimulia habari za wamachinga wa njia panda yao. Niliipenda kwa sababu za kikazi, mimi nilianza kwa kutandika turubai chini kabla ya kupata fremu, na ile hofu ya kukimbizwa naijua, sihitaji mtu anieleze. Shangazi hakuwepo siku ile.

Tuje kwenye Vuta N'kuvute sasa, hapo nina maneno. Ni ya Shivji huyo huyo, ya 2021, imeenda mpaka tamasha la Toronto, na ndo Tanzania ilipeleka kuwania Oscar baada ya kukaa miaka zaidi ya ishirini tangu tupeleke filamu ya Maangamizi. Imetoka kwenye riwaya ya Adam Shafi ambayo sisi wengine tuliisoma kidato cha tano na sita kwa ajili ya mtihani, tukamchambua Yasmini, yule binti wa Kihindi, na Denge, yule mpigania uhuru, mpaka wakaisha utamu. Nikaenda na kiburi cha mtu aliyesoma kitabu. Nusu saa ya kwanza nikawa nasema hapa wameruka, pale wamekata, kule kwa Bwana Raza, mume wa Yasmini, mbona tumepita kama basi la mwendokasi, kitabuni unakaa na yule mtoto wa miaka 15 kaolewa na mzee mpaka unakosa hewa, ndo maana akikimbia kwenda kwa shoga yake Mwajuma unamshangilia, kwenye filamu niliona kama kakimbia kabla sijaumia vya kutosha. Na Denge wa kitabuni ana mikiki na polisi wa mkoloni isiyoisha, huyu wa filamu ni mpole, anaangalia mbali sana.

Lakini halafu picha zenyewe zikaanza kunishinda. Mji Mkongwe umepigwa vile ambavyo hata wanaoupita kila siku hawauoni, taa za chemli, kuta zinazovuja rangi, uchochoro na mtu mmoja tu anapita. Na Mwajuma! Amecheza Siti Amina, yule mwanamuziki, na pale anapofungua mdomo kuimba taarab, Mhariri, Ngome nzima ilipiga kelele kama goli limeingia. Shangazi hakunigusa bega hata mara moja. Mara moja tu aligeuka akaniambia, "Mwajuma huyo mie nnamjua, kila mtaa wa Ng'ambo alikuwapo mmoja", akarudi kuangalia. Watu wa mbele hakuna aliyegeuka. Vijana walioongea juu ya filamu ile siku ya pili pale Forodhani walikuwa wanabishana kuhusu Denge na Yasmini, mapenzi yale yangewezekana au la, siasa ile ilikuwa na maana gani, wauza urojo wamo, na hakuna aliyeuliza "kwani alisema nini?"

Ndo maana naandika. Filamu hiyo ilitulia kwa shangazi sio kwasababu ni bora kuliko ya Iran, kwakweli mimi nafikiri ile ya Iran ilikuwa imetengenezwa kwa ufundi zaidi, ilitulia kwasababu aliisikia yote. Na sisemi ni kosa la wenye tamasha, filamu zinakuja na sabtaito zake, yale maandishi ya chini, toka huko zilikotoka, na anayetuma anafikiria majaji na wageni, hamfikirii mama wa Mlandege na mto wake. Lakini ivi, kichekesho si ndo hiki, Bongo movi zetu zinazoongea Kiswahili mwanzo mwisho zinawekewa Kiingereza chini, tena Kiingereza kingine ukikisoma unacheka mpaka unasahau msiba wa kwenye filamu, halafu filamu ya Senegal au ya India inayokuja kuonyeshwa kwa Waswahili haiwekewi neno moja la Kiswahili.

Na sio kwamba hatujui kufanya. Wazee wa vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video mtaani, wanamkumbuka Lufufu, alikuwa anakaa na maiki anatafsiri muvi ya Kizungu au ya Kichina palepale, anaongeza na chumvi yake, Rambo anaongea kama mtoto wa Temeke, watu wanalipa kumsikiliza yeye sio Rambo. Kenya wana DJ Afro mpaka leo. Na mwaka 2011 TBC walituonyesha ile tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, imeingizwa sauti za Kiswahili, mtaani kwetu saa ile ikifika hata chapati zilikuwa zinaungua, na mpaka rais wa China alipokuja Dar 2013 akaitaja kwenye hotuba. Azam nao wakaleta ile ya Kituruki ya Sultan kwa Kiswahili, shangazi anamjua Hurrem kama mke wa jirani. Kwahiyo watafsiri tunao na sauti tunazo, ni hizi filamu za tamasha tu ndo zimebaki na lugha ya wageni.

Sisemi filamu zote mia. Chukueni hata tano, zile za usiku zinazojaza watu pale ngomeni. Vijana wanaosoma Kiswahili wako SUZA, kile chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, wako Chuo Kikuu Dar es Salaam, wapewe filamu miezi miwili kabla waandike sabtaito, watapata na kitu cha kuonyesha wakitafuta kazi, kuliko kila mwaka kuchambua shairi lile lile. UNESCO wameshatupa 7 Julai iwe Siku ya Kiswahili Duniani, inaangukia karibu na msimu wa tamasha, sijui tunasubiri nini. Na sabtaito zikishindikana, mleteni mtu mwenye ulimi kama wa Lufufu akae pembeni na maiki, ingawa najua wenye filamu zao wataruka juu, na kwenye ile ya Iran ningeungana nao kwakweli, chumvi pale ingeharibu.

Mwezi uliopita nilienda Unguja nikamkuta shangazi barazani na majirani zake wawili anawahadithia ile filamu ya Iran. Nikakaa kimya nikasikiliza. Kwenye ya kwake yule mzee hataki kuuza nyumba kwasababu marehemu mkewe kamzika uani, na binti anajua, na kuna mtoto wa kiume yuko Dubai anataka pesa ndo anayewasukuma. Mhariri, hakuna mke uani, hakuna Dubai, ni yale matundu niliyoyaacha mimi nilipokuwa nafupisha, ameyaziba mwenyewe. Majirani wakauliza ikawaje mwisho, akanigeukia mimi, "hebu wambie baba, we ulisoma", nikawaambia imeishia hapohapo alipofika yeye.

Wako msomaji,
Kariakoo, Dar es Salaam