Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: chaki haikatiwi utepe

Mheshimiwa Waziri,

Salaam. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, na huu ni mwaka wangu wa 19 darasani. Sikuandikii kuomba msaada. Neno hilo, msaada, ndilo linaloniumiza kila ninapowasikia wanasiasa wakizungumzia shule zetu.

Muhula uliopita kiongozi mmoja alikuja kutukabidhi madawati. Wanafunzi walipangwa juani tangu saa mbili asubuhi. Alipofika saa sita waliimba, wakapiga makofi, naye akawaambia, "Nimewaletea." Madawati tuliyahitaji kweli, na tunayatumia. Lakini yalinunuliwa kwa kodi ya wazazi wa watoto wale wale waliokuwa wakimpigia makofi. Tena elimu ya msingi bila malipo si zawadi ya mtu: imo katika ibara ya 26 ya Tamko la Haki za Binadamu tangu mwaka 1948.

Msafara ulipoondoka niliingia darasani, nikafungua boksi la chaki nililogawiwa kwa mwezi huo. Vilibaki vipande vitatu, na kirefu kuliko vyote hakikuzidi pingili ya kidole. Nikafundisha kugawanya kwa tarakimu ndogo ndogo, watoto wa nyuma wakaacha madawati yao mapya, wakaja kukaa sakafuni mbele ya ubao ili waone.

Tatizo liko hapo, Mheshimiwa. Jengo lina jiwe la msingi, dawati lina picha ya makabidhiano. Chaki, kitasa kilichovunjika, karatasi za mitihani, choo kilichoziba, hivi havina sherehe wala havimpi mtu kura. Karibu kila nchi mishahara ya walimu ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya bajeti ya elimu, na si rahisi kuigusa. Kwa hiyo hali ikibana hukatwa ruzuku ya uendeshaji, yaani kile kidogo kinachomfikia mtoto mkononi.

Ruzuku ikichelewa, mwalimu mkuu hana la kufanya ila kuwageukia wazazi. Michango inaanza. Nina mwanafunzi ambaye siku ya kusomwa majina ya wasiolipa hujificha nyuma ya vyoo mpaka kengele ya kipindi cha pili ilie. Ni mtoto mwepesi wa hesabu kuliko wote niliowafundisha miaka hii. Kila mara anakosa kipindi cha kwanza, na kipindi cha kwanza ni cha hesabu. Halafu jukwaani tunaambiwa elimu ni bure.

Wazazi wenye uwezo wanawahamishia watoto wao shule za binafsi, wakiwemo viongozi wengi. Siwalaumu, kila mzazi anamtakia mwanawe mema. Ila wanapoondoka wanaondoka na sauti zao, na anayepanga fungu la shule yetu hana mtoto wa kumsimulia jioni kwamba leo chaki ziliisha.

Mwaka 2015, huko Incheon, Korea Kusini, mataifa yalikubaliana kulenga kati ya asilimia 15 na 20 ya matumizi ya serikali kwa elimu, au asilimia 4 hadi 6 ya pato la taifa. Nafurahi kila asilimia hizo zinapotajwa bungeni. Lakini fedha iliyopitishwa si fedha iliyotolewa, na iliyotolewa si iliyofika. Uganda ilijifunza hili kwa uchungu: uchunguzi wa miaka ya 1991 hadi 1995 ulionyesha kwamba shule za msingi zilipata, kwa wastani, asilimia 13 tu ya ruzuku ambayo serikali kuu iliwatengea wanafunzi. Nyingine iliishia njiani, mikononi mwa maofisa na wanasiasa wa wilaya. Serikali yao ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kinachotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika kiasi zilichopokea mahali ambapo wazazi wangekiona. Sehemu ya fedha inayofika shuleni ikapanda sana. Mzazi akishajua kiasi, anauliza.

Ninachokuomba kiko ndani ya uwezo wa wizara yako bila sheria mpya. Ruzuku itoke kabla shule hazijafunguliwa, siyo wiki ya mitihani. Na kila inapotoka, kiasi cha kila shule kitangazwe wazi, pamoja na tarehe. Madawati yakiwepo yaletwe na lori jioni, baada ya vipindi. Tutayapokea na kusaini.

Ubao wa matangazo wa shule yetu uko nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, wazazi wote hupita hapo. Nafasi ya karatasi moja ipo. Nitaibandika mwenyewe siku hiyo hiyo itakapofika.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa hesabu, shule ya msingi ya serikali