Barua kwa mdogo wangu, kuhusu kaunta buku za Baba

Mdogo wangu mpendwa,

Huu ni mwaka wa sita tangu tumzike Baba, na kwa kuwa simu zangu hupokei, nimeona nikuandikie hapa.

Juma lililopita nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu habari za Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, ambaye mwaka 1897 alitunga wimbo ambao sisi Watanzania tunauimba kama "Mungu ibariki Afrika". Nyimbo alizowatungia wanafunzi wake aliziandika kwa nota za solfa, zile za do, re, mi, katika daftari, na waongoza kwaya wakawa wanakuja kuziazima. Alifariki mwaka 1905 akiwa bado kijana, watu wakaendelea kuazima kwa mjane wake, mwishowe daftari likapotea. Hata kaburi lake lilisahaulika kwa miaka mingi, hadi lilipotangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1996. Nilipofika kwenye daftari sauti ilinikwama, nikawapa watoto zoezi la kunakili.

Nilikuona tena akilini, kama siku ile ya kuanua matanga, umesimama mlangoni pa chumba cha Baba, ukizitia kaunta buku zake nne ndani ya kiroba cha unga na kumkabidhi yule mwongoza kwaya aliyeahidi kutoa kopi na kuzirudisha Jumapili. Ile ya juu Mama alikuwa ameishona mgongo kwa uzi mweusi. Sauti ya kwanza Baba aliiandika kwa wino wa bluu, ya pili kwa mwekundu. Miaka thelathini ya kutunga na kufundisha ilitoka uani begani kwa mtu ambaye hatukumwona tena.

Nakushauri, kama mkubwa wako, usitoe kitu cha marehemu kabla ukoo haujakaa. Utasema nami nilikuwepo, nimeketi mkekani hatua tatu kutoka kwako. Nilikuwepo. Lakini nilikuwa nimesafiri usiku kucha kutoka Mwanza, wenye maturubai walikuwa wakinidai, na mbele ya wazee wale ningewezaje kumnyang'anya mgeni kitu ambacho ndugu yangu amekwisha kumpa? Simu yenye kamera ilikuwa mfukoni mwangu, nami sikupiga picha hata ukurasa mmoja. Hilo nalijua, huna haja ya kunikumbusha.

Wala sijasahau kwamba ni wewe uliyekuwa ukimbebea Baba taa ya chemli kwenda mazoezini, na kwamba ulipochelewa kuingia alikupigia mapigo begani kwa kidole mpaka ukaupata mwendo.

Nimeanza kuurudisha ule wimbo wake wa Pasaka. Mama ameniimbia sauti ya kwanza, dada ya pili, na ya nne naikumbuka mwenyewe. Mstari wa sauti ya tatu ni mtupu, kwa sababu nyumbani kwetu aliyeiimba ni wewe peke yako. Iimbe kwenye simu, polepole, unitumie.

Kaka yako.